Samaki Asiyegeuzwa: Maisha ya Mama Eom Bokrye wa Bandari ya Daraepo

Ndugu wafiwa, majirani wa Daraepo, wanaushirika wa wavuvi, wageni mliosafiri kutoka Seoul, na ninyi vijana wa mbao za kupandia mawimbi mliojipanga kule nyuma karibu na viatu, mnaodhani kwamba kwa kuwa si ndugu hamruhusiwi kukaa, tafadhali sogeeni mbele mkae, kwa sababu mwenye shughuli hii hakuwahi kumeza tonge huku mtu amesimama mlangoni kwake, na sioni kwa nini tuanze kumuudhi leo. Mimi ninayesoma ni Ham Deokgi, mdogo wa marehemu mume wake, nina miaka themanini na miwili, macho yamechoka lakini ulimi bado, na familia imenituma mimi kwa kuwa katika waliokuwepo tangu mwanzo nimebaki peke yangu. Jaeho, mwanawe, ameniandikia haya yote kwenye karatasi, akaniomba sana nisiongeze neno. Nitajitahidi.

Marehemu Eom Bokrye alizaliwa tarehe 11 Machi 1938 katika kijiji cha Neutgol, wilaya ya Jeongseon, milimani kabisa, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Mzee Eom Taesik na Mama Jeon Okdan, wakulima wa viazi na mahindi, mahali ambapo bahari ilijulikana kwa chumvi tu, na hiyo chumvi ilifika mgongoni mwa mchuuzi, tena kwa msimu. Mwaka 1946 alianza shule ya msingi kijijini hapo, akafika darasa la nne, vita vikazuka mwezi Juni 1950, shule ikafungwa na madawati yakawa kuni, naye akaja kumalizia kusoma na kuandika katika madarasa ya jioni mwaka 1953, na tangu hapo aliandika kwa herufi kubwa kubwa kama mtu anayepiga kelele, herufi ambazo wengi wenu mnazijua kutoka kwenye ule ubao wa mlangoni kwake unaosema KUNG'UTA MCHANGA KWANZA.

Tarehe 18 Novemba 1958 aliolewa hapa Daraepo na kaka yangu, Ham Deoksu, baharia wa miaka ishirini na minne, baada ya kuonana naye mara moja tu, na katika hiyo mara moja yeye aliangalia sakafu na kaka aliangalia dirisha. Alishuka milimani juu ya lori la viazi, akaiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa amevaa nguo za harusi, akamwuliza dereva, "Hili shamba la nani?" Dereva huyo aliisimulia habari hii hadi alipokufa.

Sasa hapa karatasi ya Jaeho inasema, "wakaishi kwa upendo na masikilizano." Ni kweli tupu, lakini kuna siku za kwanza ambazo Jaeho ameziruka, na hakosei, kwa kuwa hazijui. Hakuna anayezijua isipokuwa mimi. Marehemu alinikataza kuzisema kwa miaka sitini na mitano, na kila nilipofungua mdomo alinirushia kitambaa cha kufutia meza, na alikuwa na shabaha. Leo hawezi kunirushia. Shemeji, nisamehe, nasema.

Sisi wa Daraepo, kama mnavyojua, samaki hatumgeuzi mezani. Tukimaliza upande wa juu tunainua mfupa, tunauweka kando, tunaendelea na upande wa chini, kwa sababu samaki akiwa sahanini ni boti, na anayemgeuza anapindua boti ya mtu aliyeko majini. Mtoto wetu analijua hili kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Lakini mtoto wa viazi angelijulia wapi? Siku ya tatu baada ya harusi, boti ya kaka ikiwa imetoka alfajiri kufuata myeongtae, wale samaki wa baridi waliokuwa wakitulisha bandari nzima, mama yetu aliandaa chakula cha kumkaribisha bibi harusi, mimi nikiwa na homa nikawekwa kula pamoja na wanawake, na mbele yetu akaletwa samaki bapa wa kuchoma, mnono, anatiririka mafuta. Bibi harusi akala upande wa juu kwa adabu, akamaliza, akashika vijiti vyake vizuri, na mbele ya mama mkwe wake, na mbele ya shangazi, pu! akamgeuza.

Ndiyo. Eom Bokrye. Huyuhuyu.

Nari, mwanangu, wewe uliyekaa hapo karibu na Jaeho, usinitazame hivyo, ngoja nimalize.

Shangazi alitoa yowe. Mama yangu hakupiga kelele, aliweka kijiko chini, akasema polepole, "Mke wa mwanangu, mumeo yuko wapi sasa hivi?" Akajibu, "Yuko baharini, Mama." Mama akamwambia, "Basi nenda kamngoje, maana umempindua." Na jioni ile theluji ikaanza, upepo ukageuka, boti zote zikarudi isipokuwa ya kaka. Mama alijutia maneno yake kabla hata giza halijaingia, alimfuata gatini na blanketi akamsihi arudi ndani, lakini mtoto wa milimani alikuwa ameshaamini, na mtu akishaamini humvuti kwa blanketi. Alisimama pale juu ya mawe na chungu cha wali kifuani, usiku huo na kesho yake yote, wanawake wakimletea maji ya moto kwa zamu, hadi boti ikaonekana, nzito kwa samaki, inakuja taratibu kama ng'ombe aliyeshiba.

Kaka akaruka gatini, akamkuta mkewe ana barafu kwenye kope, akamwuliza, "Umesimama hapa tangu lini wewe?" Akamjibu, "Tangu nilipokuzamisha." Kaka alicheka mpaka akakaa kwenye theluji, kwa sababu muda wote huo alikuwa amejificha bandari ya Jumunjin, anakunywa supu ya moto, anangoja upepo utulie. Mkewe hakucheka. Alimpiga kofi la bega, akalia, kisha akampa wali, na wali ulikuwa umeganda ukawa jiwe, kaka akautafuna hivyohivyo mbele ya mabaharia wenzake wote. Ndoa yao ilifungwa siku ile, mkiniuliza mimi, ile ya Novemba kumi na nane ilikuwa ya makaratasi.

Tangu siku hiyo marehemu alijiwekea masharti mawili, na haya mtayakuta katika maisha yake yote: samaki hageuzwi mezani kwake maadamu mtu wa nyumba ile yuko majini, na yeye hali chakula cha jioni mpaka aliyetoka awe amerudi.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Miran aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1960, Misuk aliyezaliwa tarehe 27 Juni 1963, na kitinda mimba Jaeho aliyezaliwa tarehe 5 Februari 1973, wakati mama yake akiwa ameshagawa nguo zote za watoto. Kikazi, marehemu alianza kupasua samaki gatini mwezi Desemba 1958, akawa mwanikaji wa myeongtae na ngisi, na mwaka 1974 akachaguliwa kiongozi wa kikundi cha wanawake wa ushirika, kazi aliyoifanya hadi mwaka 1999, na katika muda huo wote kipaza sauti cha ushirika kiliharibika mara nyingi bila mtu kutambua, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akitangaza. Hiyo ndiyo Daraepo iliyoitwa bandari kwelikweli, wakati chanja za samaki zilipanda hadi nyuma ya shule, wakati watu walisema mbwa wa hapa hutembea na noti mdomoni, na boti zilibanana hivi kwamba mlevi aliweza kuvuka ghuba nzima kwa kukanyaga sitaha bila kulowana. Mimi nimevuka.

Kisha bahari ikapata joto, myeongtae wakatuaga. Hawakuaga vizuri, kila mwaka walikuja wachache, tukasema mwakani, mwakani, hadi mwakani ikaisha. Vijana wakahamia viwandani, boti zikauzwa, na tarehe 14 Oktoba 1999 serikali ikaichukua boti ya kaka kwa mpango wa kupunguza vyombo, ikavunjwa pale pale ufukweni, nasi tukatazama. Jioni ile Shemeji alipika samaki kama kawaida. Kaka alikula upande wa juu, akaweka vijiti, akasema, "Mke wangu, mgeuze tu. Hakuna tena mtu baharini." Marehemu alinyoosha mkono. Mkono ukafika nusu ya njia, ukarudi. Akainua mfupa.

Nawaambia bila kuficha, baada ya siku ile tulidhani tutampoteza. Hakuwa na ugonjwa wa kupimwa hospitali. Mtu aliyekula miaka arobaini baada ya kumpokea mtu kutoka majini, sasa hakuna wa kumpokea, basi na chakula kikamshinda, akawa anakwenda gatini jioni, anasimama, anaangalia maji matupu, anarudi, anasema ameshiba. Kaka, mzee wa watu, alijaribu kumfurahisha, alikuwa akitembea hadi mwisho wa gati na kurudi akipiga kelele, "Nimefika, nimefika!" Shemeji alitabasamu lakini hakula. Na kaka alipofariki tarehe 9 Mei 2005, kitandani mwake, nchi kavu, jambo ambalo mkewe alijivunia kuliko mali yoyote, nilijisemea moyoni huyu naye hamalizi mwaka.

Sasa sikilizeni jinsi Mungu anavyopenda mzaha. Mwaka uliofuata binti zake, Miran na Misuk, walimshauri akodishe vyumba vitatu vya uani kwa wageni wa kiangazi, kwa sababu jeshi lilikuwa limeanza kung'oa ule waya wa miba wa kulinda mpaka uliotuzuia kushuka ufukweni, na watu wa Seoul walikuwa wameanza kuja kulala mchangani kama ngisi walioanikwa. Alikubali shingo upande. Wageni wa kwanza wakafika tarehe 22 Julai 2006, wakaweka mizigo, wakavaa nguo za kuogelea, wakakimbilia majini wakicheka, naye akabaki mlangoni, ameshika mwiko, anawahesabu kwa macho. Mimi nilikuwa nimepita kuomba chumvi. Aligeuka akaniambia, na uso wake ulikuwa na rangi ambayo sikuwa nimeiona tangu boti ivunjwe, "Bwana mdogo, umeona? Wako majini." Akaingia jikoni kupika. Jioni ile, wageni waliporudi wote, alikula mabakuli mawili.

Basi hivyo ndivyo mama huyu alivyoanza upya akiwa na miaka sitini na minane, na wale mliolala kwake mnajua tulichovuna. Hakuna aliyeletewa chakula mpaka wa mwisho awe ametoka baharini. Watu waliolipa walikaa mezani wanaangalia samaki anapoa, tumbo linaunguruma, kwa sababu kuna bwana mmoja wa Daegu hajarudi, na bwana mwenyewe, baada ya Shemeji kupiga yowe ufukwe mzima na kuwatoa wazee wa ushirika na tochi, akakutwa kwenye chumba cha kuimbia, mkavu kabisa, anaimba nyimbo za mapenzi. Alivutwa kwa mkono wa shati hadi mezani. "Kula!" akamwambia, "Umetuua kwa njaa, mwanaharamu wee!" Bwana huyo alirudi kila kiangazi na familia yake, na naona ametuma shada la maua, lile pale kubwa kuliko yote.

Tarehe 8 Agosti 2009 akaja binti mmoja wa Seoul anaitwa Pyo Nari, na wenzake wawili, na mbao ndefu. Mbao hizo sisi wazee tulidhani ni meza za kulia chakula, tukaulizana kwa nini watu hawa wanalalia meza majini, kwao hakuna vitanda? Jioni Nari akatangulia kutoka majini, ana njaa, mwili unamtetemeka, na Shemeji akamhurumia, akavunja sharti lake mwenyewe kwa mara ya kwanza, akamwekea samaki kabla wenzake hawajarudi. Nari akala upande wa juu kama moto unavyokula nyasi. Akashika vijiti.

Mnajua kilichofuata.

Shemeji alimdaka mkono ukiwa hewani, lakini alichelewa kidogo, samaki alikuwa tayari amelala upande wa pili. "Wewe binti! Wenzako wako wapi?" Nari akasema, "Wako baharini, Bibi, kuna nini?" "Na unataka wakurudie vipi? Tumbo juu?" Na Nari, badala ya kuomba radhi, akacheka. Akacheka mpaka wali ukamtoka puani. Na kosa likawa kubwa zaidi kwa sababu kwenye meza ya pili alikuwepo Jaeho, mwanaume wa miaka thelathini na sita, dereva wa gari la barafu, ambaye tangu kifo cha baba yake alikuwa hasemi ila "ndiyo" na "nimeshiba", na Jaeho naye akacheka. Shemeji akawatazama wote wawili. Wenzake Nari walirudi salama dakika chache baadaye, wamelowa na wanaomba chakula, lakini yule samaki Shemeji alimpa paka.

Nari aliondoka na wenzake, akarudi mwezi Oktoba peke yake, akarudi tena Desemba, na mwaka 2010 akakodi ghala la zamani la barafu, lile ambalo leo mnanywea kahawa, akalifanya duka la mbao. Kulikuwa na mkutano mkali wa ushirika kuhusu ukumbi wa mnada, kama vijana walioanza kumfuata Nari waruhusiwe kuweka mbao zao pale palipouzwa samaki, wazee wakagoma, wakasema bandari imekuwa uwanja wa michezo, na Shemeji akasimama akasema maneno machache, "Mahali hapa paliwekwa kwa ajili ya vitu vinavyotoka baharini. Na hawa wanatoka baharini. Mnataka nini tena?" Ikapita. Lakini msidhani alikuwa amemsamehe Nari. Hata kidogo. Alikuwa akisimama gatini kwenye baridi ya Januari, wakati mawimbi yetu yanapokuwa makubwa na watu wenye akili wako ndani kwenye sakafu iliyopashwa moto, ana chupa ya chai ya shayiri, anawapigia kelele, "Tokeni! Midomo imekuwa bluu! Nani kawazaa ninyi?" na mmoja wa hao wenye midomo ya bluu alikuwa mwanawe, Jaeho, ambaye alikuwa ameapa kwamba baada ya baba yake hataingia majini, na sasa anaanguka kwenye wimbi, anainuka, anaanguka, anacheka.

Mwezi Novemba 2011 Jaeho alipiga magoti mbele ya mama yake, akasema anataka kumwoa Nari. Shemeji akasema, "Msichana aliyegeuza samaki mezani kwangu sitamwita mkwe." Akafunga mlango. Jaeho hakula, Nari akafunga duka, na dada zake Jaeho wakanipigia simu mimi. Nikaenda. Nilimkuta Shemeji anakata figili kwa hasira, nikakaa, nikamwambia kwa upole, "Shemeji, nimekumbuka mwaka hamsini na nane. Nilikuwa na homa." Kitambaa kikanipata usoni. Nikakitoa, nikamwambia, "Mama yetu alikubakiza, Shemeji. Alikufuata gatini na blanketi." Aliendelea kukata figili muda mrefu sana, figili zikawa unga. Mwishowe akasema bila kuinua kichwa, "Mwambie aje kula kesho. Na wewe ukifungua mdomo wako, bwana mdogo, nitakuzika kabla yangu."

Nari akaja. Samaki akawekwa, yuleyule samaki bapa, mnono, anatiririka mafuta. Jaeho na mimi tuliangalia vijiti vya Nari tu. Nari alikula upande wa juu polepole, akaweka vijiti, akatazama dirishani ufukweni kulikokuwa na mwanga wa mwisho, akasema, "Bado wawili hawajatoka, Mama," akainua mfupa mzima bila kuuvunja, akauweka kando. Shemeji akasema, "Nani kakuambia uniite mama?" Kisha akamsogezea bakuli la supu, "Kula basi, kinapoa." Kwa Daraepo hiyo ndiyo posa kupokelewa, tulipiga makofi hadi majirani wakaja. Walifunga ndoa tarehe 14 Aprili 2012, na marehemu alicheza ngoma hadi kiatu kikaruka baharini, na wapanda mawimbi sita waliingia majini na suti zao kukitafuta.

Marehemu ameacha watoto watatu, wakwe, wajukuu watano na kitukuu mmoja, na ameacha nyumba ambayo kwa miaka yake yote, ya boti na ya mbao, hakuna mtu aliyetoka mlangoni kwake kwenda baharini asirudi. Yeye alisema ni kwa sababu ya samaki. Mimi sijui, ila na mimi simgeuzi.

Kuhusu ugonjwa, moyo wake ulianza kumsumbua mwaka 2021, akatibiwa mjini Gangneung, akapata nafuu, akarudi gatini na kiti cha kukunja alichonunuliwa na vijana, na mwanzoni mwa mwezi huu akazidiwa, akalazwa tarehe 6 Februari. Jumanne iliyopita, tarehe 20, theluji ilikuwa inaanguka na bahari imefungwa kwa tahadhari ya mawimbi makubwa, akamwambia Nari ana hamu ya samaki wa kuchoma. Tulimwingiza samaki wodini ndani ya kibweta cha chakula, chini ya koti la Jaeho, wodi nzima ikanukia. Alikula kidogo kidogo, upande wa juu. Kisha akauliza, "Nani yuko baharini leo?" Nari akasema, "Hakuna, Mama. Imefungwa, wote wametoka." "Hata yule mkaidi wa Busan?" "Hata yeye, amelala dukani kwangu, anakoroma." "Na boti?" Mimi nikamwambia boti zote zimefungwa gatini, nimepita kuziona. Akamwangalia Jaeho, akamwangalia Nari, akatabasamu kwa ule ujeuri wake. "Basi mgeuze. Nari, geuza wewe, mkono wako umezoea."

Nari alikuwa analia na kucheka, akamgeuza.

Shemeji alichukua tonge moja upande ule, akatafuna kwa makini, sote tunamtazama kama anayeonja sumu, akameza, akasema, "Kumbe ni samaki yuleyule!" Akacheka mpaka waya za mashine zikatikisika na muuguzi akaja mbio. Alikula akamaliza. Sijawahi kumwona akimaliza chakula kabla ya jua kuzama. Akalala, na alfajiri ya Jumatano, tarehe 21 Februari 2024, saa kumi na moja na dakika arobaini, hakuamka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Gangneung, hasa yule dada aliyeingia wodini, akanusa, akasema ana mafua hasikii harufu yoyote. Tunawashukuru majirani mliofagia theluji njia nzima hadi hapa, wanaushirika mliotangaza msiba kwa kile kipaza sauti, ambacho tangu aondoke kimeonekana kuwa kibovu kweli, na wanawake wa kikundi mliowakatalia wapishi wa ukumbi waliotaka kutuletea supu ya nyama peke yake, bila samaki. Tunawashukuru ninyi vijana mliovaa suti nyeusi za kuazima, chumvi bado iko masikioni, mliobeba jeneza lake bila kuyumba kama mnavyobeba zile meza zenu.

Neno la mwisho, halafu twende tukamlaze karibu na kaka. Tahadhari ya mawimbi iliondolewa jana jioni. Nilipokuwa nakuja asubuhi hii nimeona boti ya Mzee Tak inatoka, na nyuma yake watu wanne wako majini na mbao zao, sijui ni wa nani na hawajui kama tuna msiba. Kwa hiyo huko mezani, mtakapoletewa samaki, mkimaliza upande wa juu, inueni mfupa.

Shemeji, ulimngoja kaka, ukawangoja watoto wa watu usiowajua, hukula mpaka wafike. Nari ameshachukua kile kiti cha kukunja, nimemwona akikipakia garini. Leo wewe ndiye uliyetangulia kufika, na zamu ya gatini ni yetu. Pumzika kwa amani.